Vidonge Ulivyovikunjia Uso

Kimemi, Butembo, jioni ya kuamkia safari yako

Kavira, mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia yote yahusuyo blanketi, chumvi, na kutotembea peke yako baada ya jua kuzama. Amekuambia mara tatu, na mara ya tatu nilikuona ukihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Kwa hiyo hayo sitayagusa. Nakuandikia juu ya kitu kimoja tu: lile kopo la vidonge nililoweka leo mchana ndani ya sanduku lako la bati, chini ya sweta ya buluu, umpelekee shangazi yako Kyakimwa kule Beni kwa ajili ya binti yake Soki na chunjua zake. Usilitoe kwanza. Usimwambie shangazi neno lolote juu ya kopo hilo mpaka umalize kusoma barua hii. Dawa iliyomo ni ya kweli, lakini habari inayosafiri pamoja nayo ni ya uongo, na aliyeitunga ni mimi.

Haya, nimeiandika sentensi hiyo na kalamu haikuvunjika. Wewe na mama yako mmekwenda kwa bibi yako kuagana, na najua bibi yako haagi mtu bila kumlisha viazi, basi nina muda. Mwanga wa dirisha hili la disipansari utanitosha kama saa nzima. Mafuta ya taa tunayatunzia wanawake wanaokuja kujifungua, unajua mwenyewe.

Kesho kamyoneti itaondoka asubuhi, barabara ikiwa bado wazi. Unakwenda kujifunza kazi ambayo mimi nimeifanya miaka ishirini, na walimu wako watakufundisha vizuri kuliko nilivyofundishwa. Watu wa mtaa wananipongeza. Wanasema, "Dokta, mutoto anakufuata." Mimi naitikia, lakini moyoni najua kwamba katika jambo moja ulinitangulia ukiwa na miaka kumi na mmoja.

Unazikumbuka chunjua zako? Swali la kijinga. Zilikuwa kwenye mikono yako, siyo yangu. Lakini nataka uzione kwa macho yangu. Ya kwanza ilitokea pembeni ya ukucha wa kidole gumba cha kulia, ndogo, ngumu, nikasema ni mchubuko wa kumenya viazi. Vita hii ya pili ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, watu walikuwa wanakimbia huku na huku na vichwa vyetu vimejaa mambo mengine. Nilipoiangalia tena zilikuwa tano. Msimu wa maharage ulipofika, mikono yote miwili ilikuwa imejaa, juu ya vidole, kwenye vifundo, hata viganjani, na kila ukishika jembe zilitoa damu.

Mimi ni muuguzi. Nilijua kwamba hayo ni maambukizi ya ngozi, kidudu kidogo cha aina ya virusi kinachopenya penye mchubuko, na kwamba kwa watoto wengi mwili wenyewe hukifukuza baada ya mwaka au miwili. Nilijua hayo kama ninavyojua jina langu. Lakini mtu anayejua na baba anayeona aibu wanaweza kukaa ndani ya suruali moja, na siku ile aliyeamka kwanza alikuwa yule mwenye aibu. Nilichukua asidi ya betri ya gari. Nilimwona fundi mmoja akiitumia kwa chunjua yake mwenyewe, naye alijisifu sana. Nilikuketisha kwenye benchi lile pale, nikachovya kijiti, nikakudondoshea kwenye kidole gumba.

Hukupiga kelele. Uliniangalia tu, na machozi yakatoka yenyewe. Asidi ilikula chunjua na nyama nzuri iliyo karibu nayo, kidonda kikachukua wiki sita kupona, na pembeni ya kovu chunjua ikaota tena, tena mbili. Kovu hilo bado unalo. Kila nikikuona unaandika na kalamu imelala juu yake, naangalia pembeni. Nimewafunga watu wengi majeraha ya risasi katika miaka hii, lakini jeraha nililolifanya kwa mkono wangu ni hilo moja, na nililifanya kwa mtoto wangu. Naomba unisamehe. Sijawahi kukuomba kwa maneno, niliomba kwa kukununulia soksi nyekundu, jambo ambalo halieleweki.

Sasa nakuja kwenye mstari wa kanisani. Hilo nalo nilikuwa natumaini umelisahau.

Kule Beni utasali na watu wa makanisa mengine, huenda hawana desturi yetu. Sisi tukimaliza ibada tunatoka mmoja mmoja. Wa kwanza anasimama nje, wa pili anamsalimia kwa mkono kisha anasimama pembeni yake, wa tatu anawasalimia hao wawili, na vivyo hivyo mpaka mstari unazunguka uwanja mzima na hakuna aliyeondoka bila kushikwa mkono na kila mtu. Nimeona watu waliogombania mpaka wa shamba wakisalimiana kwenye mstari huo kwa meno yaliyobanwa, lakini wamesalimiana.

Jumapili ile ulimfikia Mama Kasoki, yule anayeongoza nyimbo. Aliangalia mkono wako, akauficha wa kwake ndani ya kitenge, akasema kwa ile sauti yake ya kufika mlimani, "Ee! Mikono ya huyu mutoto iko na nini? Asitugusishe magonjwa!" Ukaendelea na mstari, na watu wanne au watano baada yake nao wakajifanya wana mtoto wa kubeba au kamasi ya kufuta. Kisha ukanifikia mimi.

Nikakupapasa kichwani.

Mtu mwingine akisoma ataona ni jambo zuri, baba anampapasa binti yake kichwa. Lakini wewe ulikuwa umeninyooshea mkono, Kavira, na mimi nikauruka nikaenda kichwani. Mimi, ninayegusa usaha na damu kila siku ya Mungu. Sikuogopa chunjua. Niliogopa macho ya watu. Uliteremsha mkono wako polepole, ukaenda kusimama mwisho wa mstari, na njia nzima ya kurudi nyumbani ulimsimulia mama yako habari za mbuzi wa jirani.

Jumapili iliyofuata nilikuambia uvae soksi mikononi, tuseme umeungua. Ulikataa kwa heshima, ukasema soksi ni za miguu. Tulipotoka ibadani ukaingia kwenye mstari kama kawaida, nami nikaanza kutokwa jasho. Ukamfikia Mama Kasoki. Ukakunja ngumi, ukamnyooshea kifundo cha mkono, vile anavyofanya mtu anayetoka kulima na mikono ina udongo, ambaye hatoi kiganja ili asikuchafue, na wewe unamshika hapo juu ya mkono na salamu inakuwa imetimia. Ukasema kwa sauti:

"Unishike hapa, Mama Kasoki. Niko natoka mu shamba."

Jumapili! Katika kanisa letu, ambako mtu akionekana na jembe Jumapili anaitwa na wazee! Mchungaji ndiye aliyeanza kucheka. Kisha akacheka mzee wa pili, kisha uwanja mzima, na Mama Kasoki akabaki hana pa kwenda. Akakushika kifundo. Baada yake wote wakakushika kifundo, wengine wakikuuliza maharage yameotaje. Uliponifikia mimi ulinipa kifundo vilevile, nami nikakishika, na tangu siku ile mpaka leo hivyo ndivyo unavyonisalimia. Chunjua zimekwisha miaka mitano, watu wote unawapa kiganja, na mimi bado unanipa kifundo. Unafanya kwa kucheka. Nami nacheka. Sijawahi kukuambia kwamba kila mara kinanichoma kidogo.

Basi, vidonge.

Siku zile alipita hapa daktari mmoja mzee kutoka Lubero, akikimbilia kwa ndugu zake. Alilala kwetu siku mbili, huenda unamkumbuka kwa sababu alikula mchicha wetu wa lenga-lenga bila chumvi. Aliangalia mikono yako, akaliangalia na kovu, akaniangalia mimi, hakusema kitu juu ya kovu. Mtu mwema yule. Akaniambia kuna dawa ya kunywa, simetidini, dawa ya watu wenye vidonda vya tumbo, ambayo madaktari wengine wameijaribu kwa watoto wenye chunjua nyingi. Alieleza kwamba huenda inaamsha askari wa mwili, na chunjua zikafukuzwa kutoka ndani bila kukata wala kuchoma. Kisha akasema maneno haya, nayakumbuka yote: "Labda. Nimeona zikiondoka, na nimeona zikibaki palepale. Jaribu, lakini umwambie mtoto ni labda."

Nilikuwa na kopo moja la simetidini kabatini. Nikakuita. Nilikuambia habari za askari wa mwili waliolala, na wewe ukauliza, "Papa, basoda ba mu mwili njo banalala? Bale ba inje habalalaka!" Tulicheka mpaka mama yako akaja kutunyamazisha, kwa kuwa askari wenyewe walikuwa njiani wanapita. Lakini lile neno la daktari sikukupa. Nilisema, "Dawa hii itazimaliza." Ile "labda" niliimeza mimi mwenyewe, bila maji.

Ulivimeza vidonge vile asubuhi, mchana na jioni, baada ya chakula, na vilikuwa vichungu hasa. Ulikuwa unakunja uso mzima mpaka macho yanapotea. Wiki tatu hivyo, na hakukuwa na mabadiliko yoyote.

Kisha barabara ya Beni ikafungwa. Unazijua siku zile. Hakuna kilichoingia, wala kutoka uwanja wa ndege wa Mavivi wala kutoka mpakani. Maduka ya dawa ya Butembo yakabaki na sabuni na vitambaa. Na katikati ya siku hizo wakamleta Mama Kasoki kwenye kipoyi, wanaume wanne wamembeba mabegani, mdomo wake una damu iliyoganda. Tumbo lilikuwa limemtafuna muda mrefu na yeye akaficha, akiimba. Mficha maradhi kifo humuumbua, nacho kilikuwa kimekaribia kumuumbua kweli.

Nilizunguka maduka yote. Hakuna. Dawa pekee iliyobaki ya aina yake katika mtaa huu ilikuwa ndani ya kopo lako, nusu na kidogo. Nilisimama mbele ya kabati hili nikaliangalia. Sikuchukua muda mrefu, sitajifanya hapa kwamba nilipigana na nafsi yangu. Chunjua haiui mtu na yule mama alikuwa anakufa. Nilimpa kopo lote.

Kama ningeishia hapo ningekuwa mtu mzuri, na barua hii ingekuwa fupi. Lakini jioni ilipofika ulikuja na kikombe chako cha maji, umeshakula, unangoja dawa. Nikafungua kopo jingine, la vidonge vya kalsiyamu, vyeupe, vya mviringo, ukubwa uleule, nikakupa kimoja. Ulikitia mdomoni, ukakionja.

"Papa, leo dawa haiko muchungu."

"Ulishaizoea."

"Mutu anazoeaka buchungu siku moja?"

"Kunywa, Kavira, uende ulale."

Ukanywa. Na kesho yake asubuhi nilipokupa kingine nilikutazama kwa hofu, ukakunja uso mzima mpaka macho yakapotea. Nikashusha pumzi. Nikajiambia mtoto amesahau, ulimi wa mtoto hauna kumbukumbu. Wiki saba nilikupa vidonge vya kukuza mifupa, mara tatu kwa siku, na wewe wiki saba ukakunja uso.

Na zikaondoka! Hilo ndilo lililoniua. Wewe ndiye uliyeona kwanza, unaosha vyombo, moja imegeuka nyeusi, ukaigusa ikatoka kama punje ya hindi lililokauka. Baada ya siku chache nyingine, kisha nyingi, na haukupita mwezi mikono yote ilikuwa safi, imebaki na kovu langu tu. Ulikimbia na mikono juu ukizunguka nyumba. Jumapili ile kwenye mstari ulitoa viganja vyote viwili kwa watu, na Mama Kasoki, aliyekuwa ameanza kusimama tena, amekonda lakini yuko hai, alikishika kiganja chako akakiinua wote waone, akapaza sauti, "Wasingya, dokta!" Watu wakaitikia, asante, asante, mpaka nje ya ua.

Nilikubali asante hizo. Zote. Wakaja watu kutoka mitaa mingine wenye chunjua, nikasema dawa ya kunywa ipo, inazimaliza kabisa, ila barabara imefungwa. Barabara ilipofunguka na kopo jipya likaja, nilikwisha kuusema uongo mara nyingi mno kiasi cha kuuamini siku za juma na kuukana Jumapili tu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ya miaka mitano, na sasa imefika Beni, kwa dada yangu, anayengoja kopo litakalomponya binti yake kwa sababu wewe ulipona. Ndiyo maana nakwambia usilitoe. Mimi sijui ulipona kwa nini. Huenda zile wiki tatu za kwanza ziliamsha kitu. Huenda mwili wako ulikuwa umefika wakati wake, na hata mchicha ungetosha. Ukikaa na walimu wako waulize, kisha uniandikie wanavyosema, hata kama wanasema baba yako ni mjinga.

Na kwa nini sikukuambia mapema? Nilijipa sababu nyingi. Kwamba ungevunjika moyo. Kwamba mtoto hawezi kuelewa kwa nini dawa yake inapewa mtu mwingine, tena yuleyule aliyemkataa mbele ya kanisa. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoitegemea zaidi. Nilikuona mdogo kuliko

Nimeacha hapo juu kwa sababu mama yako ameingia. Amekutangulia, wewe umebaki kwa bibi kumalizia kusukwa. Nitakuandikia yaliyotokea kama yalivyotokea, wala sitarudi kuyafuta ya mwanzo. Uone tu mtu mzima anavyoonekana akiwa anajifunza.

Alisimama mlangoni na kikapu cha viazi, akasema, "Papa Kavira, uko naandika nini vile? Jasho inatoka, na huku kuko baridi."

Nikamwambia. Yote, kuanzia kopo mpaka kalsiyamu. Miaka mitano sikuwa nimemwambia hata yeye. Aliweka kikapu chini, akaketi juu ya benchi, nikangoja anigombeze. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta ncha ya kitenge kufuta macho.

"Miaka tano unabeba hii? We! Mutoto anajuaka tangu siku ya pili."

Nikauliza anajua nini. Akaniambia anajua yote. Asubuhi ile, kabla ya kidonge chako, mimi mwenyewe nilikutuma upeleke maji ya moto kwa Mama Kasoki, hapo kwenye chumba cha wagonjwa, na ulimkuta anameza dawa. Ulimwona anakunja uso mzima mpaka macho yanapotea. Ukarudi jikoni kwa mama yako, ukaketi juu ya kinu, ukamwambia maneno ambayo mama yako ameyatunza na leo akanipa moja moja.

"Mama, dawa yangu Papa alishaipa Mama Kasoki. Hii ananipa iko ya mifupa. Usimwambie kama najua, atasikia haya. Nitakuwa nakunja uso tu, akuwe na amani."

Mama yako akakuuliza kama umekasirika. Ukajibu, "Hapana. Angeniuliza tu, ningemupa."

Kavira. Mama yako alianza kumenya viazi, mimi nikayarudia maneno hayo moja moja.

Miaka kumi na mmoja, na mikono ile. Umekataliwa na mama yule mbele ya watu, unampelekea maji ya moto, unaiona dawa yako mdomoni mwake, halafu unakwenda kumeza chokaa mara tatu kwa siku na kukunja uso ili baba yako alale vizuri. Wiki saba! Mimi niliyejidhani namlinda mtoto, kumbe mtoto ndiye aliyekuwa ananilinda. Nimewajua wakubwa wa kanisa, nimewajua maofisa wenye nyota mabegani, na madaktari, na sijaona mtu mwenye moyo wa namna hiyo. Nakuambia wazi kwa sababu kwetu baba hawaambii watoto mambo haya, na desturi hiyo leo naivunja: ninakustaajabia. Ninajivunia wewe, ingawa sijui nilifanya nini ili uwe hivyo, na nikifikiri vizuri naona ulikuwa hivyo huku mimi nikikupapasa kichwa.

Kisha nikakumbuka kopo. Nikamwambia mama yako lazima nilitoe sandukuni kabla hujarudi. Akasema, akiendelea kumenya, "Utafute bure. Aliliona kabla tuende kwa bibi yake, akalirudisha kwenye kabati."

Sikuamini. Nilikwenda nikafungua sanduku, nikainua sweta ya buluu, chini yake mna daftari zako tu. Nikarudi hapa disipansari, nikafungua kabati, na kopo liko kwenye rafu ya dawa za tumbo, mbele, pale ambapo mkono unafika haraka, limefunikwa vizuri. Mimi nimekaa karibu na kabati hilo saa nzima nikikuandikia usilitoe.

"Na Soki?" nikamuuliza mama yako. "Atamwambia nini mtoto wa watu?"

"Alisema atamwambia ukweli. Zinaendaka zenyewe, zinakawia. Na akasema, mpaka ziende, atakuwa anamushika mukono kila siku mbele ya benzake."

Hivyo ushauri wote niliokuwa nimekuandalia kwa ajili ya kazi yako umekwisha kuufanya, na mimi nimebaki na karatasi nusu. Nilitaka kukuambia mgonjwa apewe ukweli pamoja na kidonge, hata akiwa mdogo. Nilitaka kukuambia neno labda lisimezwe na muuguzi. Nilitaka kukuonya juu ya kupokea asante ya watu wakati wewe mwenyewe hujui kilichomponya mtu, kwa maana ni tamu na hailevyi siku ya kwanza. Yote hayo unayajua. Ila la asidi ya betri nalirudia hata kama unalijua: mtu akikuletea mtoto aliyeunguzwa namna hiyo, usimgombeze baba yake siku hiyohiyo. Mwoshe mtoto kwanza kwa maji mengi. Huyo baba utamkuta baadaye yuko nyuma ya nyumba.

Jumapili hii, ukiwa Beni, nitasimama kanisani kabla ya mstari kuanza na kuwaambia watu habari za kalsiyamu. Mama Kasoki atapiga kelele, najua, kisha ataimba. Wale niliowaambia dawa inamaliza kabisa nitawafuata nyumbani mmoja mmoja. Mama yako anasema nitachekwa mpaka msimu wa maharage. Sawa tu, wewe ulichekwa ukiwa mdogo na ukatoka mzima.

Mwanga umekwisha, naandika karibu na dirisha kabisa, na nasikia sauti yako njiani ukiagana na majirani. Bado jambo moja.

Maneno yako yale, angeniuliza tu, yameniingia. Niliamua juu ya dawa yako bila kukuuliza, na kabla ya hapo niliamua juu ya mkono wako bila kukuuliza, nikakupapasa kichwa. Kesho kwenye kamyoneti watu watakuwa wengi, dereva atakuwa anapiga honi, na najua utakunja ngumi na kuninyooshea kifundo kama siku zote, kwa kucheka. Ukinipa hicho nitakishika, maana nilikitafuta mwenyewe. Lakini safari hii nakuuliza kwanza, mapema, upate usiku mzima wa kufikiri:

Kavira, unaweza kunipa kiganja?

Baba yako